Alama Saba za Wino Mwekundu

Mke wangu aliniomba jambo moja mara saba, na mara zote saba nilimsahihisha. Daftari lenyewe ninalo hapa mezani. Ni daftari la kurasa arobaini na nane, lenye mistari miwili miwili kama wanayotumia watoto wa darasa la kwanza, na juu ya jalada lake niliandika, kwa mwandiko wa kuungana, jina lake, mwaka na somo. Somo nililiita Kusoma na Kuandika. Sikuona ajabu yoyote kumwandikia hivyo mwanamke aliyenizalia watoto wanne na ambaye, kwa miaka thelathini na minane, ndiye aliyenikumbusha kila asubuhi miwani yangu nimeiweka wapi.

Kiharusi kilimpata jikoni, amesimama na mfuniko wa sufuria mkononi. Upande wa kulia ulilala, mkono na mguu, na ulimi ukafungwa. Alisikia kila neno na kulielewa. Daktari alilithibitisha hilo, nami nililiona mwenyewe, maana kila nilipokosea kusimulia habari za ugonjwa wake mbele ya wageni alinikodolea jicho. Lakini kinywani mwake ilitoka silabi moja tu, "ta", na hiyo ndiyo aliyoitumia kwa furaha na kwa hasira, kwa kiu na kwa usingizi.

Mimi nilifundisha miaka arobaini na mmoja, na kumi na tisa ya mwisho nilikuwa mwalimu mkuu. Nilisomeshwa katika shule ya misheni ambako kengele ilipigwa saa kumi na moja alfajiri, na mwandiko mbaya ulihesabiwa kuwa kosa la tabia, si la mkono. Nilipata kuwafundisha kusoma watoto ambao wazazi wao wenyewe waliwaita mazuzu. Basi mke wangu alipotolewa hospitalini bila usemi, sikuketi nikalia. Nilinunua daftari na kalamu mbili, ya buluu yake na nyekundu yangu. Nikamwagiza seremala anikatie ubao wa futi tatu kwa mbili, nikaupaka rangi nyeusi kwa mkono wangu, nikautundika ukutani mkabala na kitanda. Kila siku, saa tatu kamili, tulianza somo. A, e, i, o, u. Ba, be, bi, bo, bu.

Hakuandika irabu hata moja. Siku ya nne aliishika kalamu kwa mkono wa kushoto, akakaa kitambo ameuma mdomo, kisha akachora cherehani.

Ilikuwa cherehani ya mkono, ile ya kuzungushwa kwa kishikio, na ingawa mistari ilitetemeka hakuna ambaye angeidhania kitu kingine. Nilifurahi. "Vema," nikamwambia. "Hiki ni nini? Che-re-ha-ni." Nikaliandika neno hilo chini ya mchoro kwa wino mwekundu na kumwagiza alinakili mara kumi. Na kwa kuwa mimi niliagiza irabu naye akaleta picha, niliupitishia mchoro alama ya kosa, mistari miwili iliyokatana, kama nilivyozoea.

Siku iliyofuata alichora cherehani na basi. Niliandika: basi. Alama ya kosa. Mara ya tatu alichora cherehani, basi, na mwanamke aliyeshika fimbo ya kutembelea. Mara ya nne akamwongeza mwanamume mwenye miwani, amebeba begi. Kwa mchoro huo nilijikuta nimevutiwa hata nikampa saba juu ya kumi, ingawa alama ya kosa niliiweka palepale, maana sheria ni sheria.

Hapo ndipo binti yetu, kitindamimba, alipolikuta daftari. Yeye hupokea simu katika kampuni ya bima, na siku zake za mapumziko huja kumwogesha mama yake. Alilifunua daftari ukurasa baada ya ukurasa, amesimama mlangoni na taulo begani.

"Baba, mama hatajii vitu hapa. Anakuomba."

"Ananiomba nini?"

"Anaomba apelekwe kwa Mama Mkubwa. Hii ni cherehani ya Mama Mkubwa. Hili basi. Huyu yeye, huyu wewe na begi lako. Na wewe umempa saba."

"Nimempa saba kwa sababu basi halina magurudumu ya nyuma."

"Baba," akasema taratibu, "ungekuwa si babangu ningekucheka."

Sharti niseme wazi hapa, maana ndilo jambo lililonifanya nishike kalamu. Sitajitetea kwamba sikuelewa. Hadi mchoro wa tatu yamkini sikuelewa, kwa sababu ya mazoea. Baada ya ule wa nne nilijua kama binti yangu alivyojua. Shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, alikuwa mshonaji katika mji ulio mwendo wa siku nzima kwa basi. Mama yao alifariki mapema, na ni dada huyo, akiwa na miaka kumi na sita, aliyewalea wadogo zake watatu kwa kuzungusha kishikio cha cherehani ile. Mke wangu ndiye aliyekuwa mdogo wao. Mwaka huu wote shemeji alikuwa akiumwa moyo. Miguu ilimvimba, na kusafiri hakuweza tena. Hayo yote tuliyajua. Ndivyo ilivyokuwa: mgonjwa mmoja asiyeweza kuja, na mwingine aombaye apelekwe kabla muda haujapita.

Nilimjibu binti yangu hivi: "Atakwenda. Siku atakayotamka neno dada, siku hiyo hiyo nakata tiketi."

"Baba."

"Mtu akitaka kitu sana, ulimi hufunguka. Nimeyaona hayo darasani."

Nilimwamini mwalimu huyo niliyekuwa. Lakini chini ya mwalimu kulikuwa na mtu mwingine, naye nitamtaja pia. Mke wangu alikuwa na ulimi mwepesi kuliko wote ukoo mzima. Kwenye harusi zao watu waliacha kula wamsikilize akimsema mtu. Mimi nilitembea nyuma yake nikijivuna. Nami sikutaka kushuka naye katika kituo kile, mate yakimtoka upande mmoja, mashemeji na wapwa wamejipanga kumpokea, naye awaambie "ta". Nilitaka kwanza nimtengeneze.

Basi nikamwekea sharti hilo na yeye mwenyewe, nimesimama karibu na ubao, na neno DADA nimeliandika kwa herufi kubwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Mchoro wa tano aliouleta kesho yake haukuwa na basi wala begi. Ulikuwa na wanawake wawili wameketi bega kwa bega, na cherehani mbele yao.

*

Ni binti huyo huyo aliyeniandikisha mafunzoni. Hospitali ya karibu nasi iliendesha mafunzo ya wiki sita, kila Jumatano asubuhi, kwa watu wanaowahudumia wagonjwa wa kiharusi nyumbani. Nilikubali kwa kuwa aliniahidi kukaa na mama yake Jumatano zote, na, niseme kweli, nilidhani nitakwenda kutoa mchango.

Tulikuwa kumi na mmoja katika ukumbi nyuma ya idara ya mazoezi ya viungo, kwenye viti vya plastiki, sakafu ikinuka dawa ya kudekia. Kushoto kwangu aliketi dereva wa lori aliyestaafu, ambaye alimwuguza kaka yake. Kulia aliketi mpishi wa shule ya bweni, mwanamke mnene mwenye mikono ya kubeba sufuria za watu mia tatu, ambaye alimwuguza baba yake. Mkufunzi wetu alikuwa mtaalamu wa usemi, binti wa umri wa kitindamimba wetu. Kwa kuwa daima alikuwa amechomeka kalamu mbili tatu za rangi katika nywele zake, dereva alimbatiza Dada Kalamu siku ya kwanza, na jina likashika.

Dada Kalamu alikuwa na utaratibu wake. Hakutaka tuandike. Alifundisha kidogo, kisha akagawa vipande vya karatasi na kusema, "Haya, chora ulichokisikia." Alidai kwamba mtu akiandika huandika maneno ya mwalimu, lakini akichora hana budi kuchora ya kwake. Niliyaona hayo kuwa mambo ya siku hizi. Nilikuwa na daftari la jalada gumu, na ndani yake nikaandika kila alichosema kwa vipengele vyenye namba, vichwa vya habari vimepigiwa mstari.

"Mwalimu," dereva aliniambia Jumatano ya pili, akichungulia, "hilo daftari lako naona limepigwa pasi."

"Na karatasi yako imekanyagwa na lori," nikamjibu.

Mpishi alicheka mpaka kiti kikalia. Yeye alikuwa amemchora baba yake kama gunia la unga lililofungwa kamba katikati. "Msinishangae. Ndivyo alivyo nikimgeuza. Na gunia halinitukani."

Jumatano ya tatu Dada Kalamu alitufundisha habari za wagonjwa waliopoteza usemi. Alisema mgonjwa atapita njia yoyote iliyo wazi, kwa jicho, kwa mkono, kwa picha, kwa wimbo, na kwamba kazi yetu ni kumkuta katika njia hiyo, si kumrudisha kwenye ile iliyofungwa. Akasema tena: "Ukimwambia aseme kwanza ndipo umpe, umemfungia mlango na ufunguo umeumeza." Maneno hayo niliyaandika kama yalivyo. Ni kipengele cha tisa. Niliyapigia mstari kwa rula.

Kisha nikarudi nyumbani, na kesho yake saa tatu kamili nikasimama mbele ya ubao nikaelekeza fimbo kwenye neno DADA.

Mchoro wa sita ulikuwa basi peke yake, na kalamu ilikandamizwa hata ikatoboa karatasi. Wa saba ulikuwa cherehani peke yake, bila mtu. Chini ya huo, kwa wino mwekundu, niliandika: Rudia.

Lakini hakuchora tu. Alijaribu. Siku hizo nilimsikia kupitia ukutani, akidhani niko uani, akijisemesha peke yake kama mtoto anayekariri sala. Na Ijumaa moja, saa tatu kamili, kabla sijainua fimbo, aliukaza uso wake, upande ule mzima ukiuvuta ule uliolala, akanitazama usoni na kusema:

"Tata."

Mara mbili. "Tata. Tata." Kisha akanyoosha mkono wa kushoto, akaonyesha begi langu juu ya kabati.

Nilijua alichosema. Hapakuwa na mtu mwingine duniani ambaye yeye angemwita kwa sauti ile. Nami nikasema, kwa upole kabisa, kwa sauti ile ile niliyoitumia kwa watoto elfu, "Si tata. Dada. Ulimi nyuma ya meno, sauti itoke kooni. Umekaribia. Kesho tutaendelea."

Aliushusha mkono wake polepole, akauweka juu ya ule mwingine.

Jumamosi, saa tano, mpwa wake alipiga simu.

*

Nilikwenda mazikoni peke yangu. Nilimwambia binti yangu kwamba barabara ni mbovu na mama yake hataistahimili. Binti alikunja mashati yangu mawili akayatia katika begi, akafunga zipu. Mke wangu nilikuwa nimempa habari nikiwa nimesimama palepale pa siku zote, na chaki bado iko vidoleni. Sikuwa nimefikiri kuiweka chini. Hakusema hata "ta".

Katika nyumba ya marehemu cherehani ilikuwa dirishani, imefunikwa kitambaa. Baada ya mazishi mpwa wetu alikifunua kitambaa kile akaniletea gauni la rangi ya majani makavu. Lilikuwa na vifungo mbele tangu juu mpaka chini, vikubwa, vya kufungwa kwa mkono mmoja, na mikono mipana. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshonwa. Wa kulia ulikuwa umeshikizwa tu kwa uzi mweupe mrefu mrefu, kama washonaji wafanyavyo wakingoja mwenye nguo aje apimwe.

"Mama alikuwa anamshonea mama mdogo," akasema. "Tulimwambia apumzike, akakataa. Alisema mkono huu hataumaliza mpaka amwone, kwa sababu hajui bega limeshuka kiasi gani." Akasita. "Alikuwa anauliza kila siku, Mwalimu. Mnakuja lini."

"Tulikuwa katika matayarisho," nikasema.

Nimesema uongo mara chache maishani mwangu, na huo niliusema nimevaa tai.

*

Jumatano ya tano nilihudhuria. Dereva na mpishi walinipa pole, maana habari ya msiba binti yangu alikwisha kuitoa kwa simu. Jumatano ya sita, ambayo ilikuwa ya mwisho, tulikuta meza zimeunganishwa, na juu yake karatasi kubwa, moja kwa kila mtu, na kalamu nene za rangi katika makopo.

"Leo sifundishi," Dada Kalamu alisema. "Leo kila mtu anachora safari yake tangu Jumatano ya kwanza. Ulikuja na nini, umejifunza nini, ulikwama wapi, unaondoka na nini. Picha nyingi kama mpendavyo. Maneno yasizidi matano." Akageukia kwangu. "Mwalimu, nimesema matano, si mia tano."

Watu walicheka. Mimi nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimeandika muhtasari wa mafunzo, kurasa mbili za karatasi ndefu, vipengele ishirini na vitatu, bila kufuta neno. Nikampa. Kwa heshima alisimama akausoma wote tangu juu mpaka chini.

"Kazi safi sana hii," akasema. "Nitakuomba niitumie kwa kozi ijayo. Ila humu ndani, Mwalimu, najiona mimi. Wewe sikuoni."

"Mimi sijui kuchora."

"Hapa hakuna anayejua. Mwone Dereva."

"Usinione sana," dereva akasema bila kuinua kichwa. "Kaka yangu nimemtoa na miguu mitatu."

"Mmoja si mkongojo?" mpishi akauliza.

"Sasa ndio mkongojo. Mwanzoni nilikosea."

Nikaketi. Kitu kimoja nilichofundishwa kuchora katika ujana wangu ni ramani: ramani ya darasa, ya uwanja, ya kijiji, kitu kama kinavyoonekana na ndege. Basi nikapiga mstari wa njia tangu kushoto hadi kulia, nikaweka juu yake mawe sita, na juu ya kila jiwe nikachora chumba chetu cha kulala kama kilivyokuwa wiki hiyo. Kitanda. Dirisha. Kabati. Ubao. Mke wangu nilimwekea duara dogo, mimi nikajiwekea msalaba, kama alama za ramani.

Nilifanya kazi kwa uaminifu, kwa vipimo. Chumba cha kwanza: msalaba karibu na ubao. Cha pili: msalaba karibu na ubao. Nilipofika cha tatu nilisita, kwa kuwa nilikumbuka kwamba Jumatano ya pili tulifundishwa kuketi upande mzima wa mgonjwa, macho yetu yawe chini ya macho yake. Kipengele cha tano. Nilijaribu kukumbuka siku moja, hata moja, niliyoketi hapo. Katika ukurasa ningeweza kuandika "mhudumu aketi upande mzima wa mgonjwa", na mtu yeyote angesoma na kudhani kwamba niliketi. Katika mchoro nilitakiwa kuuweka msalaba mahali. Niliuweka ulipokuwa. Vyumba vyote sita msalaba ulisimama palepale, futi tisa kutoka kwenye duara, na katikati yao hapakuwa na kitu isipokuwa sakafu.

Baina ya jiwe la nne na la tano palikuwa na nafasi. Nikachukua kalamu nyeusi nikachora cherehani. Nilistaajabu jinsi nilivyoijua. Nilikuwa nimeitazama mara nyingi kwa ajili ya kuisahihisha.

"Cherehani ya nani hiyo, Mwalimu?" dereva akauliza.

"Ya shemeji yangu. Yule aliyefariki."

"Aa. Mama watoto si alikuwa anataka kwenda kwake? Binti yako alitugusia siku ile alipotupigia simu ya msiba." Alikuwa akipaka rangi mkongojo wake. "Walionana?"

"Hawakuonana."

"Usafiri?"

Ningeweza kusema usafiri. Barabara ilikuwa mbovu kweli. "Nilimwambia aseme dada kwanza," nikajibu, "ndipo nimpeleke."

Kalamu ya dereva ilisimama. Mpishi alinitazama, kisha akatazama karatasi yake. "Akashindwa?" mpishi akauliza mwishowe, kwa sauti ndogo.

Nilikuwa na maneno matano, nikatumia mawili. Niliyaandika chini ya cherehani kwa kalamu nyekundu, kwa mwandiko wangu ule ule: Alisema dada.

Dada Kalamu alipopita kukusanya kazi zetu ili azibandike ukutani, aliisoma yangu kwa muda mrefu kuliko alivyousoma muhtasari. Kisha akaikunja, akanirudishia mkononi. "Hii si ya ukuta wangu, Mwalimu," akasema. "Nenda nayo."

*

Mke wangu alikuwa kitini karibu na dirisha, amevaa gauni lile. Tangu nililete alikuwa akilala nalo chini ya mto, na asubuhi hiyo, kwa ishara, alimwomba binti yetu amvike. Binti alitaka kwanza kuushona ule mkono wa kulia vizuri. Alikataa. Ulikuwa bado umeshikizwa kwa uzi mweupe, na mishono mirefu ilionekana begani mpaka kwapani.

Nilichukua kigoda cha jikoni, nikakiweka upande wake wa kushoto, nikaketi. Nilikuwa chini sana. Magoti yalinifika kifuani. Nilimfungulia karatasi mapajani pake.

Aliipitia kwa kidole. Alikijua chumba mara moja. Akagusa duara, akajigusa kifua. Akagusa msalaba, akanionyesha mimi, na katika kila chumba akafanya hivyo hivyo, duara, msalaba, duara, msalaba, bila haraka, kama anayehakiki. Kwenye cherehani kidole kilisimama. Kama aliyasoma yale maneno mawili sijui. Tangu augue hatukupata hakika ni kiasi gani cha maandishi alichobaki nacho. Kwa hiyo niliyasema.

"Ulisema. Ile Ijumaa ulisema dada, mama watoto, nami nilikusikia."

Alinitazama. Nilingoja atoe ile "ta" ya hasira, maana nilikuwa nimejifunza kuitofautisha. Hakuitoa.

Nikafungua daftari lake, ukurasa uliofuata ule wenye neno Rudia. Nikachukua kalamu yake ya buluu nikachora, kwa mara ya kwanza katika daftari hilo: basi, lenye magurudumu ya mbele na ya nyuma, mwanamke mwenye fimbo, mwanamume mwenye begi, na mwisho wa njia, kilima kidogo chenye maua juu yake. Nikampa daftari. Nilitaka kumwambia kwamba twende sasa, kesho kama atapenda, avae gauni hili, aseme "ta" mbele ya watu wote wa nyumbani kwao, nami nitakuwa nimemshika mkono.

Aliutazama mchoro wangu. Kisha mkono wake wa kushoto ukaja kifuani pangu, na kwa kitambo nilidhani ananigusa. Alikuwa akiitoa kalamu nyekundu mfukoni mwa shati langu. Akaifungua kwa meno. Akapitisha juu ya basi mistari miwili iliyokatana, imenyooka, imara, ya ukubwa ule ule niliouzoea. Alikuwa ameiona mara saba. Aliijua.

Binti yetu alikuwa mlangoni. Hakuingia.

Mke wangu aliirudisha kalamu nyekundu mfukoni mwangu, akahangaika na kifuniko hata kikakaa, akachukua ile ya buluu. Chini ya basi lililofutwa palibaki nafasi. Akainama, akachora kikombe. Kishikio kilikuwa kikubwa mno na kilikaa chini kupita kiasi, na mkono wangu, niseme ukweli, ulisogea kuelekea mfukoni kabla sijauzuia.

Nilikitazama vizuri ili nisikosee. Kilikuwa kikombe kimoja.

Niliinuka kutoka kwenye kigoda, nikaenda jikoni, nikapima maji ya kikombe kimoja, nikayabandika.